Mstari Uliobaki kwa Chaki

Nina miaka sabini na moja, na mwezi uliopita niliambiwa kwamba mimi si mtoto wa mama yangu.

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua jinsi nilivyoambiwa. Kwa aliyenunua gazeti leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni fundi wa herufi. Nachonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, na mtu akitaka beti za kumsindikiza marehemu wake, namtungia. Karakana yangu iliungua, nikaijenga upya. Mke wangu akatangulia, nikabaki. Kisha mama akafa, mwanamke wa miaka tisini na kitu, na tulipokaa kikao cha maandishi ya jiwe lake tukaanza kubishana nani atajwe vipi. Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, alivumilia mpaka akashindwa.

"Mnagombea nini?" alisema. "Mmoja wenu hata hakutoka tumboni mwake, na hamjawahi kumjua, kwa kuwa dada yangu alijua kulea."

Akainuka aende zake, presha ikampanda, akaanguka. Akapelekwa hospitali bila kuongeza neno.

Tukabaki wanne, watoto wa nyumba ile. Anayenifuata mimi, mkaguzi wa shule mstaafu, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Akasema kwa upole, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani ambayo hakuyasahihisha yeye: "Nadhani sote tunajua ni nani."

Hakuna aliyeuliza. Wote walinitazama mimi. Na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipoishia.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikubisha. Muuza magazeti wa kona yetu ameniuliza kwa niaba ya wateja wake. Mtu mzima, mwenye cheti cha shule ya jioni kilichotiwa fremu na kutundikwa ukutani, anaambiwa si mwana wa mamaye, halafu anaangalia viatu?

Sikubisha kwa sababu sikushangaa. Ilikuwa kama mtu amekuja kunitajia jina la ugonjwa niliokaa nao tangu utoto.

Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile, lakini ni mimi niliyetolewa shule. Baba alipovunjika mguu kazini, mama alinishika mkono akanipeleka kwa mchonga mawe. Sikuwa nimefika hata darasa la tano. Siku hiyo hiyo nilipewa msasa na ndoo ya maji. Wenzangu waliendelea. Huyu mkaguzi alisoma mpaka akaishiwa na mitihani. Dada yetu akawa muuguzi. Kitinda mimba wetu alisoma mpaka akachoka mwenyewe, na sasa anauza vipuri vya magari. Mimi nilipata elimu yangu baadaye, nikiwa na ndevu, jioni, vumbi la marumaru likiwa bado masikioni.

Na kulikuwa na mambo madogo. Mkaguzi akivunja kikombe aliambiwa pole, asijikate. Mimi nikivunja nilipewa ufagio. Yeye akikohoa mara moja nyumba nzima haikulala. Mimi nikisema naumwa niliulizwa kama naumwa kweli au nimechoka.

Kwa hiyo maneno ya Mama Mdogo yalipotua pale mezani, niliyaokota mwenyewe nikayavaa. Yalinienea.

Tangu hapo sikusikia kitu. Sisemi sikuumia, nasema sikusikia. Asubuhi moja nilikunywa kikombe kizima cha chai, na nilipokiosha ndipo nikaona sikuwa nimetia majani. Nilikuwa nimekunywa maji ya moto, na sikujua tofauti.

Sasa nije kwenye jiwe, maana mkasa wa wiki hii ni wa jiwe.

Mama alitupa majina ya nyumbani, ambayo hayamo kwenye cheti chochote. Mimi aliniita Nguzo. Mkaguzi alimwita Taa. Dada yetu ni Tulizo, na kitinda mimba ni Kicheko, ingawa sasa ana mvi na magoti yanamuuma. Alipoona siku zake zimekaribia aliniagiza nimtungie beti, nichonge kwa mkono wangu, na watoto wake wote wawemo kwa majina hayo aliyowapa yeye. Akasema asiandikiwe cheo cha mtu juu ya kichwa chake.

Nikatunga beti mbili, kila mstari mizani nane. Ubeti wa kwanza ni wake:

Hapa amelala mama,
Aliyelea kwa hima,
Akatufunza huruma,
Nasi tukawa wanawe.

Wa pili ni wetu, kila mtoto na mstari wake:

Nguzo wa kwanza nyumbani,
Taa, mwanga wa gizani,
Tulizo mwenye imani,
Na Kicheko, wa mwishowe.

Jambo moja la kazi yetu lazima mlijue. Jiwe likichongwa husimamishwa kwenye fremu ya mbao, na vumbi linaloshuka hufuta chaki ya mistari iliyo chini. Ndiyo maana aliyenifundisha alianza kuchonga mstari wa mwisho akapanda juu, na mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Mafundi wengine hutucheka, wanasema tunamzika mtu kuanzia miguuni.

Agizo lilikuwa la mama, kwa hiyo sikungoja kikao kuanza kazi, na siku ya kikao nilikuwa nimepanda mistari mitatu. Kicheko alikuwa ameshakaa ndani ya jiwe. Tulizo pia. Taa nilikuwa nimemmaliza asubuhi ile ile, nikampulizia vumbi, nikaoga, nikaenda kikaoni. Uliofuata ulikuwa mstari wangu. Bado ulikuwa chaki.

Juma moja baada ya kikao Taa alikuja karakana pamoja na Kicheko. Alivaa koti, kama alivyokuwa akivaa kwenda kuwatisha walimu.

"Fundi," alisema.

Tangu ajifunze kusema, mdogo wangu ameniita Kaka. Tangu kikao kile ananiita Fundi, kama wateja.

Alizungumza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema hakuna anayenifukuza. Alisema meza ya nyumbani ni yangu, na akifa yeye kabla yangu nitabeba jeneza kama ndugu. Lakini jiwe, alisema, ni ushahidi. Watakuja wajukuu wa wajukuu wasome, waamini, na sisi watu wazima tutakuwa tumewadanganya mbele ya kaburi. Kisha akasema amefanya utafiti mdogo. Alitumia neno hilo, utafiti. Amegundua kwamba mstari wangu unahitaji badiliko dogo sana.

Akahesabu kwa vidole. "Taa wa kwanza nyumbani."

Ninyi msiotunga hamtajua alichonifanyia. Nilingoja mstari umkatae. Nilingoja uchechemee, uzidi au upungue, sikio liseme hapana, huyu siye. Niliurudia kimoyomoyo. Mizani nane. Kina kimekaa. Mstari ulimpokea kana kwamba ulikuwa ukimsubiri, wala haukubaki na alama yangu.

Miaka sitini na nane amekuwa wa pili, na sasa alikuwa amepandishwa cheo. Nilitamani kumwonea wivu, au kumchukia kidogo. Niliangalia kifungo cha koti lake kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, nikawaza kwamba kitaanguka kabla hajafika nyumbani.

Kicheko ndiye aliyetukwamua. Alikuwa amechutama mbele ya jiwe, anapitisha kidole ndani ya herufi. "Kaka Taa," alisema, "hapa chini tayari umo. Ukiwekwa na hapo juu, utakuwa umezaliwa mara mbili na mama mmoja. Hata pacha hawana ujasiri huo."

Taa akauliza kama mstari wa pili hauwezi kusagwa. Nikamweleza kwamba jiwe lile lina mshipa, likisagwa litafunguka katikati. Hiyo ni kweli, na ningemwambia hivyo hata kama tungekuwa tunapendana kama zamani. Akatembea kidogo, akasimama chini ya cheti changu, akakisoma kama anakitafutia kosa. Mwisho akasema basi, pale pa juu niweke chochote cha Mungu, mradi kiwe na mizani nane na kisiwe jina la mtu.

Akatoka. Kicheko alibaki nyuma kidogo. Akalipiga jiwe makofi mawili ya taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe, akamfuata kaka yake.

Ndivyo nilivyopata kazi ya kujaza nafasi yangu mwenyewe.

Nilidhani itakuwa rahisi. Nimetungia wajane ambao hawakuwapenda waume zao, na watu wakalia. Nimemtungia mtu aliyekuwa hai, kwa sababu alitaka kuhakikisha kwamba watoto wake hawatamwandika ovyo. Chochote cha Mungu ninacho tele.

Mwalimu wetu wa shule ya jioni alikuwa na swali lake kabla hatujashika kalamu. Anayesema hapa ni nani? Hakukubali uandike hata neno moja kabla hujamjibu. Na siku zote nilikuwa na jibu. Mjane. Baba aliyefiwa na binti. Wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Mimi nilikuwa mkono tu, na nilijivunia kwamba mkono huo haukuonekana.

Safari hii nilikaa na swali lake siku nzima, wateja wakiingia na kutoka. Mama mmoja alikuja kuagiza jiwe la mumewe akaniuliza kama nina homa, maana nilimwandikia tarehe ya kufa kabla ya ile ya kuzaliwa. Jioni niliandika hivi:

Nauliza, mimi nani,
Niliyelelewa ndani,
Ama mpita njiani?
Jibu halina mwenyewe.

Niliusoma kwa sauti. Vina vimetulia, mizani imetimia. Ulikuwa ubeti mzuri, labda mzuri kuliko wote niliowahi kutunga, na niliusikia kama kitu kinachosomwa redioni kwa jirani. Nikamwonea huruma aliyeutunga. Kisha nikaenda kuchemsha maji, na safari hii nikakumbuka majani.

Tulizo alikuja siku iliyofuata na kile chombo chake cha kupimia presha. Amestaafu, lakini hawezi kukaa na mtu bila kumfunga mkono. Alipima, akatazama, akapima tena.

"Presha yako ni nzuri kuliko yangu," alisema. Nadhani ilimkasirisha. Angependa ipande. Angependa nilie, nipasue kitu, apate la kufanya.

Nikamwuliza yeye anaonaje juu ya mstari. Alikunja kile chombo taratibu sana. Alisema mimi ni kaka yake na nitakuwa kaka yake mpaka aingie kaburini. Nikangoja aendelee, aseme kwa hiyo Taa amekosea. Hakuendelea. Alisema tu kwamba Mama Mdogo ametoka hospitali, yuko kwake, anakula vizuri, ila hajaambiwa tulichoamua, kwa kuwa daktari amekataza kumshtua.

"Mtamwambia lini?" nikamwuliza.

Alisema atatafuta namna.

Sijui alitafuta namna gani. Ninachojua ni kwamba juzi mchana teksi ilisimama mlangoni pa karakana, akashuka Mama Mdogo, peke yake, na fimbo. Dereva alitaka kumshika mkono, akamwambia ashike gari lake.

Nilimwamkia. Alilifuata jiwe moja kwa moja. Alisoma kutoka juu, akafika mstari wangu wa chaki. Ulikuwa umefifia kwa kufutwa na kuandikwa upya, lakini bado ulisomeka. Akaugusa kwa ncha ya fimbo.

"Nani alikwambia kwamba ni wewe?"

Nikamwambia ni yeye mwenyewe, siku ya kikao.

"Mimi nilisema mmoja wenu. Nilitaja jina?"

"Hukutaja, Mama Mdogo."

"Basi nani alitaja?"

Nikafikiri. Kwa kweli hakuna aliyelitaja. Nikamwambia Taa alisema kwamba sote tunajua.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua kwa kitu gani?"

Nikampa kiti. Nikamweleza yale niliyowaeleza ninyi: shule, msasa, ufagio, na kile kikohozi cha Taa ambacho nyumba nzima ilikesha nacho. Nilivyokuwa nikizungumza niliona ananiangalia kama mtu anayesikiliza hesabu iliyojumlishwa vizuri, lakini tangu mwanzo kwa tarakimu za nyumba nyingine. Nilipomaliza alicheka kidogo, bila furaha.

"Mtoto wewe," alisema. "Mtoto wa mwenzako humtoi shule, Nguzo. Watu watasema. Humpi ufagio, watu watasema. Akikohoa hulali, maana akikufia mikononi utawajibu nini? Baba yako alipoanguka, dada yangu alilia siku nzima akitafuta wa kumtoa. Akakutoa wewe, kwa sababu wewe ulikuwa wake. Wa kwake ndiye aliyeweza kumwonea."

Nilikuwa nimeshika tindo ya kuchongea. Niliiweka mezani, nikaisogeza ilingane na ukingo.

Kisha akanisimulia. Mimba ya pili ya mama iliharibika siku ya kujifungua. Mtoto alitoka hana pumzi. Kitanda cha pembeni, wodini, alikuwepo msichana aliyejifungua mtoto wa kiume, na hakuamka. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Mama alikuwa na maziwa na hana mtoto. Mtoto alikuwepo na hana maziwa. Walitoka hospitali wawili kama ilivyotarajiwa, na nyumbani hakuna aliyejua zaidi ya baba na Mama Mdogo. Mama akamwita Taa, kwa sababu siku ile wodini umeme ulikatika, na alipompokea mikononi ndipo taa zikawaka.

"Kwa hiyo ni Taa," nikasema.

"Ni Taa."

Nikakaa juu ya jiwe lisilo na mwenyewe lililokuwa pale chini.

Msomaji wangu, najua unachotarajia. Hata mimi nilikitarajia. Niliketi nikaingoja furaha kama mtu anayengoja basi ambalo ameshaona taa zake kwa mbali. Nilikuwa nimerudishiwa mama yangu. Nilijiambia hivyo kwa maneno hayo hayo. Mama yangu ni mama yangu. Nilikuwa wake kiasi cha kuonewa.

Haikuja. Nilichokiona ni kile kikao, na mimi naangalia viatu. Mtu mwingine akiambiwa neno kama lile angegeuka awatazame wenzake, mmoja baada ya mwingine. Hata Kicheko, nakumbuka, aligeuka. Mimi peke yangu sikugeuka. Nilikuwa nimejitoa katika nyumba ile siku nyingi, na nilikuwa nasubiri tu mtu wa kuja kunifungulia mlango.

Mama Mdogo aliniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.

"Mimi nimekwambia wewe peke yako," alisema. "Nilikosea kulisema mbele ya watu, na hasira ile ilitaka kuniua. Silisemi tena. Kama Taa atajua, atajua kwako. Wewe ndiye mkubwa."

Akaomba mahali pa kujinyoosha mgongo. Nikampeleka nyuma ya pazia, kwenye kitanda changu cha kupumzikia mchana, nikamfunika shuka.

Nilikuwa bado naikunja ncha ya shuka niliposikia gari la Taa. Nalijua kwa breki zake.

Aliingia bila koti. Sijawahi kumwona mdogo wangu mchana bila koti tangu alipopata kazi. Hakukaa. Alisimama mbele ya jiwe, mikono nyuma, na kwa muda alisoma tu.

Alisema amekuwa hana usingizi. Alisema mkewe amemwambia maneno mazito, na binti yake hamsalimu. Lakini siyo hao waliomleta. Kilichomleta ni kwamba alijaribu, alisema, kujiweka mahali pangu. Alikaa kitandani akajiambia: wewe si wa nyumba hii. Akajiambia tena na tena, kwa sauti, mpaka mkewe akawasha taa.

"Nisingeweza, Kaka," alisema. "Ningeambiwa mimi, nisingeinuka. Wewe unaamka, unakuja kazini. Sijui una moyo wa namna gani."

Aliniita Kaka. Sidhani hata alijisikia akilitamka.

Nikamwambia si moyo. Nikamwambia ni mazoea ya kazi.

Basi akatoa kikaratasi mfukoni. Alisema ameona si haki nisiwemo. Mama alinilea, na kulea ni kitu kikubwa, pengine kikubwa kuliko kuzaa. Nirudi kwenye mstari wangu, juu ya mistari yao, kwa jina langu la nyumbani. Ila ukweli usifichwe. Ametafuta maneno ya heshima, ambayo mtu yeyote angejivunia, na ameyahesabu vizuri.

Akasoma: "Nguzo, mwana wa hisani."

Kisha akaniangalia, na usoni mwake niliona mtoto aliyekuwa akiniletea daftari lake karakana nione alama alizopata. Alitaka nimwambie ni mzuri.

Ulikuwa mzuri. Mizani nane. Kina kile kile. Na hapo sikio langu, ambalo halijawahi kuniomba ruhusa, likaondoa jina moja likaweka jingine, ili kuona tu.

Taa, mwana wa hisani.

Haukuchechemea hata kidogo.

Nikamwuliza, "Ungekuwa wewe, ungekubali niuchonge?"

Nilimwona anajaribu kwa uaminifu, kama alivyojaribu kitandani. "Sijui," alisema. "Nadhani ningeomba usichonge. Nadhani ningeomba nisijue." Halafu akajikaza, akafuta jasho la juu ya mdomo. "Lakini wewe tayari unajua, Kaka. Ndiyo tofauti. Hebu uandike kwa chaki niuone unavyokaa."

Nikachukua kitambaa nikafuta mstari wote. "Nguzo" likaondoka mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshavaa viatu. Nikachukua rula nikapima. Ukitaka mstari ukae katikati ya jiwe, unaanza kuuandika kutoka mwisho ukirudi mwanzo. Mkono wangu unajua hivyo, na mimi niliuacha ufanye kazi. Nikaandika *hisani*. Nikaandika *wa*. Nikaandika *mwana*. Nikaweka mkato.

Ilibaki nafasi ya jina. Fupi, la mizani mbili.

Chaki ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umeinuka, na hapo ukasimama. Chini ya kidole changu, ndani ya jiwe, jina lake lilikuwa limeshachongwa, limepigwa msasa, safi. Nikasikia kitu. Sijui kilikuwa nini. Kilikuwa kidogo sana, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, na hakikuwa kizuri.

Taa alisogea akasoma. Akangoja. Akacheka kidogo, kwa wema.

"Umesahau jina," alisema.

Pazia likasogea nyuma yetu. Nilisikia fimbo ikitafuta sakafu.

"Hajasahau," alisema Mama Mdogo.

Taa akageuka akamtazama. Akaitazama nafasi ile tupu juu ya jina lake. Akanitazama mimi, na safari hii nilikuwa siangalii viatu.

Akavua miwani, akaanza kuifuta.